Kompyuta ya Marehemu Inamtaka Msimamizi

Kyela mjini,
Alhamisi, mvua inanyesha.

Mheshimiwa Hakimu,
Mahakama ya Mwanzo,
Kwa mkono wa karani.

YAH: MSIMAMIZI WA MIRATHI KUPUUZA WITO WA KOMPYUTA

Mheshimiwa Hakimu,

Naomba kwanza uniwie radhi kwa kukuandikia badala ya kuja mwenyewe. Wiki hii nzima niko zamu kliniki, na haya ninayotaka kusema nikiyasema kwa mdomo nitapandisha sauti, jambo ambalo karani wako alikwishanionya. Kwenye karatasi mimi ni mtu mpole.

Mimi ni Odilia, mjane wa Mwalimu Hezroni Mwakibete, aliyefundisha Kiswahili sekondari mpaka Mungu alipomchukua mwaka jana. Kwetu ni Muleba. Nililetwa Kyela na barua ya uhamisho nikiwa muuguzi kijana, nikabakizwa na mume. Ni wewe mwenyewe uliyempa shemeji yangu, Tuntufye Mwakibete wa Bujonde, hati ya kuwa msimamizi wa mirathi ya kaka yake. Siku ile nilisimama mbele yako nikasema sina pingamizi. Leo ninalo.

Miongoni mwa mali alizoacha marehemu imo kompyuta ndogo ya kubeba. Watu wengine huiita laptopu, lakini neno hilo lilikuwa marufuku nyumbani kwetu. Marehemu aliiita kipakatalishi, na siku aliyoinunua aliibadilisha lugha, akisema kifaa kitakachokula umeme wake kitazungumza Kiswahili. Tangu hapo nyumba yetu ndiyo pekee hapa mtaani ambamo mashine huomba radhi kwa Kiswahili sanifu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Binti yetu Kisa amemaliza kidato cha sita na amechaguliwa kwenda Mbeya kwenye mafunzo ya wasichana ya kuandika programu za kompyuta. Sharti ni moja. Kila msichana afike na kompyuta ambayo programu ya kazi hiyo imekwisha kusakinishwa, na iwe imesakinishwa kwa usalama. Asiyekuwa nayo nafasi yake anapewa mwingine, na hao wengine wapo, wamepanga foleni. Mafunzo yanaanza Jumatatu ijayo. Kisa hajawahi kutaka kitu kwa nguvu namna hii tangu baba yake afariki, na kwa miezi mingi hakuwa akitaka kitu chochote.

Basi tuliketi mimi na yeye, tukaifungua kompyuta kwa ule upande ambao baba yake alimwachia Kisa bila kuufunga, tukaianza kazi. Tulipobonyeza pa kusakinishia, kioo kizima kikafifia, na katikati yake kompyuta ikaandika kwa adabu kwamba ili kuendelea inahitajika ruhusa ya Msimamizi, na kwamba Msimamizi aingize nywila yake, yaani neno lake la siri.

Mheshimiwa, nilisimama wima. Mume wangu amefariki, mirathi imefunguliwa, msimamizi ameteuliwa, na kompyuta inajua. Sikuwa na habari kwamba maamuzi ya mahakama yako yanafika mbali kiasi hicho, na nachukua nafasi hii kukupongeza.

Binti yangu, ambaye amesoma mambo ya mitandao lakini hajasoma sheria, anadai kuwa huyo ni msimamizi mwingine kabisa, eti kila kompyuta ina wa kwake. Nimemweleza kwa upole kuwa baba yake hawezi kuwa na wasimamizi wawili, mahakama ilimteua mmoja, na tukianza kuteua wa pembeni tutafunga ndoa na kesi isiyokwisha. Ameinuka akaenda kuosha vyombo. Nachukulia kuwa ameelewa.

Malalamiko yangu dhidi ya msimamizi huyo ni haya yafuatayo.

1. KUPUUZA WITO. Nilimpigia simu shemeji siku ile ile. Nilimsalimia kwa Kinyakyusa, "ugonile", kama nilivyofundishwa, akaitika "ndaga", tukaulizana habari za watoto, ndipo nikamweleza kuwa kompyuta ya kaka yake inamtaka. Akauliza kama imemtaja kwa jina. Nikasema imemtaja kwa cheo. Ungedhani mtu akiitwa kwa cheo atavaa viatu. Shemeji yeye alikwenda kuwatangazia wenzake wa kwaya kuwa iko kompyuta mjini ambayo haifanyi lolote bila yeye. Habari hizo nimezipata kwa akina mama wanaoleta mchele kutoka huko Bujonde, ambao sasa wananiuliza kama ni kweli kompyuta inamwota. Nilipompigia tena aliniambia mali ya marehemu haitaki pupa, atalifikiria jambo hilo akimaliza kuanika kakao. Mheshimiwa, huu ni msimu wa mvua na kakao haikauki. Wewe unakaa hapa, unajua ahadi hiyo ina maana gani.

2. KUWABAGUA WANYAMA. Shemeji alitaka kujua ni kitu gani hasa kinaingizwa kwenye mali anayoisimamia. Hapo nakiri alikuwa na haki. Mimi mwenyewe siingizi kitu mwilini mwa mtoto wa mtu kabla sijasoma kilichoandikwa kwenye kichupa. Kisa akamwambia ni Python, lugha ya kuandikia programu. Shemeji akamuuliza jirani yake maana ya neno hilo, jirani akamwambia ni chatu.

Mvua za mwaka jana chatu alitoka mtoni akammeza mbuzi mwenye mimba wa shemeji. Kwa hiyo alinipigia huku anatweta. "Shemeji," akasema, "kaka hakuacha chatu kwenye mali zake, na mimi sitamwongeza." Nilimweleza kuwa jina ni jina tu, mbona hata yeye anaitwa Tuntufye, yaani tumsifu, na hatujamkuta akisifu mtu. Haikusaidia. Kisa, kwa kutafuta amani, akamtajia lugha nyingine iitwayo Java, ambayo nembo yake ni kikombe cha kahawa. Shemeji akasema kahawa ni mambo ya watu wa Tukuyu huko milimani. Kisa akamtajia nyingine iitwayo C. Akasema herufi moja haitoshi kuitwa lugha, na kaka yake, mwalimu wa Kiswahili, asingelivumilia hilo hata akiwa kaburini. Akamaliza kwa kusema kuwa ikipatikana ya kakao tumjulishe.

3. KUFIKA KIKAONI MIKONO MITUPU. Nilipeleka suala hili kwa ukoo. Kikao kilikaa sebuleni kwangu, kompyuta ikawekwa mezani juu ya kitambaa cha kufuma. Kwa kuwa baba mkwe alihudhuria, na kwa kuwa kwa mila za hapa mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe wake, mimi nilitoa maelezo yangu yote kutoka jikoni, kwa kupaza sauti, Kisa akiyarudia mlangoni kwa sauti ya chini zaidi na kuyapunguza makali bila idhini yangu.

Shemeji alikuja bila hati. Alisema ameiacha nyumbani isilowe. Mjumbe mmoja wa kutoka Busale akauliza, sasa kompyuta itamtambuaje huyu kuwa ndiye, maana mtu yeyote anaweza kuja akasema mimi ni msimamizi. Lilikuwa swali zito, na nilimheshimu yule mjumbe kwa kuliuliza. Ndilo swali ambalo kila mtu angejiuliza kabla ya kubonyeza kitu. Wakati wanalijadili umeme ukakatika. Betri ya kompyuta imechoka, nayo ikazimika. Muhtasari wa kikao sasa unasomeka: "Kompyuta ilipoulizwa ilikaa kimya." Mheshimiwa, huko ni kuisingizia. Ilikaa kimya kwa kukosa umeme, si kwa kukosa la kusema. Wajumbe walikula wali na kuku wangu wawili, wakaahirisha.

4. KUTOA RUHUSA KWA SIMU. Baada ya kikao shemeji alilainika, ama kwa maneno ya mjumbe wa Busale ama kwa wale kuku, sijui. Akasema anaruhusu, ila chatu awe mdogo na atolewe mafunzo yakiisha. Tulikubali masharti yote mawili. Lakini kuja mjini akakataa, akisema barabara ya kwao imejaa maji. Akaomba aruhusu kwa simu.

Niliweka simu kwenye sauti kubwa nikaielekeza kwenye kompyuta. Shemeji akasema, "Mimi Tuntufye Mwakibete, msimamizi halali, naruhusu." Kompyuta haikutikisika. Nikamwambia apaze sauti. Akapaza. Jirani yangu Marta akaja kuuliza kama kuna msiba mwingine. Shemeji akaruhusu kwa Kinyakyusa, nadhani kwa kufikiri kwamba marehemu angemwelewa kwa haraka zaidi, lakini kompyuta kama nilivyosema ilishabadilishwa iwe ya Kiswahili. Mwisho salio likaisha, la kwangu. Tangu siku hiyo shemeji anasema yeye upande wake amesharuhusu, na kama kompyuta haisikii huo ni utovu wa nidhamu wa kompyuta.

5. KUTUACHA MIKONONI MWA BRIGHTON. Hili ndilo linaloniumiza. Msimamizi asipoonekana, watu hutafuta njia za panya, na njia ya panya ya hapa Kyela inaitwa Brighton. Ni kijana fundi wa simu na kompyuta, ana kibanda karibu na stendi, ana heshima, na kosa lake kubwa ni ukarimu. Alinipa tiba tatu.

Kwanza alinipa flashi. Akasema ndani yake mna kila programu unayoijua, zote zimekwisha vunjwa kufuli, hakuna cha leseni wala cha nini. Nikamuuliza flashi hiyo imeshaingia kwenye kompyuta ngapi. "Za Kyela nzima, mama," akajibu, tena kwa majivuno. Mheshimiwa, mimi nimetumia nusu ya maisha yangu kuwakataza watu kuchangia sindano. Nilimrudishia flashi yake kwa ncha za vidole, nikaenda kunawa mikono. Kisa anasema kunawa hakukuwa na lazima. Nilinawa.

Tiba ya pili ilikuwa kuzima kinga ya virusi kwa muda mfupi tu, kwa sababu kinga ina usumbufu, ikiziona programu zake inapiga kelele. Nikamuuliza kwa nini inapiga kelele. Akasema ina wivu. Nilifunga mkoba wangu tu, kwa kuwa nilikuwa nimevaa sare ya kazi.

Tiba ya tatu, alisema, ni kuifuta kompyuta yote na kuipiga upya. Kazi ya asubuhi moja. Nywila itaondoka, msimamizi ataondoka, na nitafuga humo chatu wa rangi yoyote ninayotaka. Hapo, Mheshimiwa, ilinibidi nikae kwenye kibao chake cha wateja.

Nitakueleza kwa nini. Kabla hajaugua, marehemu alikuwa na tabia ya kujirekodi akifundisha ngeli na insha, kwa ajili ya wanafunzi wa mtihani ambao wakati wa mafuriko hawawezi kufika shuleni. Sauti hizo zimo upande ule wa msimamizi. Hatuwezi kuzifikia, kwa hiyo hatuwezi hata kuzinakili mahali pengine kabla ya kuigusa kompyuta, kama wanavyoagiza wanaojua kazi hii. Simu yake, ambayo nayo ilikuwa na sauti yake, iliibwa msibani. Picha ninazo nyingi, ila picha hazisemi. Kila siku ninamkumbuka mume wangu, lakini sauti yake imeanza kunipotea masikioni. Nikijaribu kuisikia usiku inakuja ya mtu mwingine, ya mtangazaji wa redio. Naogopa sana. Kwa hiyo kompyuta haitafutwa, na Brighton nimemwambia akiisogelea na bisibisi nitampa chanjo ya pepopunda bila kumuuliza.

6. KUCHELEWESHA KAZI ILIYOKWISHA KAMILIKA. Usije ukadhani tumekaa tukimlilia shemeji. Kisa amefanya kila lililo upande wetu, na nilikuwa naye bega kwa bega. Tuliipakua programu kutoka kwenye tovuti ya wenyewe walioitengeneza. Tulisoma anwani yake herufi kwa herufi, maana ipo nyingine inayofanana nayo kama pacha, imezidisha herufi moja katikati, na ina kitufe kikubwa cha kijani kinachowakawaka kukuita. Mimi kitu kikiniita kwa pupa namna hiyo huwa nageuka.

Tulipokwisha pakua, Kisa akanionyesha kuwa wenye programu huandika pale kwenye tovuti yao mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu, ambao ndio alama ya kidole ya faili lao. Faili likichezewa njiani, hata kidogo, alama hiyo haitalingana. Basi nikawa nasoma ya kwao kwenye simu, naye anafuata ya kwetu kwenye kompyuta, kama tunavyohakiki damu kabla ya kumwekea mgonjwa. Ililingana mpaka mwisho. Masharti ya matumizi niliyasoma yote. Kisa anasema huenda mimi ndiye mtu wa kwanza. Sikuona baya.

Wako wanaoniuliza kwa nini nisibahatishe tu hiyo nywila, maana mume alikuwa wangu. Jibu langu ni kwamba mimi sipapasi mifuko ya mtu, hasa mtu asiyeweza kunizuia. Kisa nilimkataza kabisa, na akaapa. Hakuna mtu nyumbani humu aliyewahi kuandika hata herufi moja pale palipoandikwa Msimamizi. Pale ni pa msimamizi.

Kwa hiyo faili limekaa hapo, safi, limehakikiwa, kama chanjo kwenye jokofu, na mwenye kuchanjwa yuko mlangoni amekunja mkono wa nguo. Anayekosekana ni wa kusema ndiyo.

7. BUJONDE. Hili sikutaka kuliweka, lakini nikiliacha barua itakuwa na uongo. Mheshimiwa, tangu msiba ule kila jambo la nyumba yangu linaulizwa Bujonde. Bati likivuja, fundi ananiambia tumpigie kwanza Mzee Tuntufye. Aliyepanga kununua migomba yetu ya uani alipita mbele yangu nikiwa nafua, akaenda Bujonde kuulizia bei. Mwaka mzima, katika nyumba niliyoijenga na mume wangu tofali kwa tofali, sijaulizwa kitu na mtu yeyote. Nilivumilia, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja na sheria ni sheria. Lakini niliponunua bando kwa mshahara wangu, nikaiwasha kompyuta kwa umeme nilioulipia, na kompyuta nayo ikaniambia nimuulize msimamizi, nilijifungia chumbani nikalia. Sijawahi kumwambia Kisa. Nilimwambia ni kitunguu.

Kutokana na hayo yote, naiomba mahakama yako tukufu ichukue hatua hizi, kwa mpangilio huu, ikianza na ndogo.

Imwamuru shemeji afike mbele ya kompyuta akiwa na hati yake, kabla ya Jumatatu, barabara ijae isijae. Njia za maji zipo. Watu wa Katumba Songwe wanavuka mto kila siku na baiskeli zao kichwani.

Akikaidi, kompyuta iunganishwe na mimi kama mlalamikaji wa pili. Imekuwa ikimwomba kwa lugha ya heshima kuliko yangu na hajaijibu.

Akizidi kukaidi, avuliwe usimamizi, na apewe Kisa. Nilifikiria kuiomba nafasi hiyo mwenyewe, lakini nimeichunguza kompyuta kila upande na haijanitaja popote. Siwezi kujipachika mahali ambapo hata mashine haikunitaja.

Na endapo haya nayo hayatawezekana, basi mahakama itamke kuwa kuanzia sasa hakuna mtu atakayekabidhiwa hati ya usimamizi wa mirathi mpaka kwanza athibitishwe na kompyuta ya marehemu husika. Wale ambao marehemu wao hawakuacha kompyuta wanunuliwe moja na ukoo, isubiri siku.

Sina zaidi ila shukrani kwa muda wako na kwa mwanga wa kusomea haya, kama umeme upo. Nisalimie karani, umwambie nimeandika mistari iliyonyooka kama alivyotaka. Nisalimie wazee washauri wa mahakama, hasa yule aliyesinzia siku ya shauri letu. Alionekana kuchoka, apime presha. Wasalimie mlinzi wa getini na mama wa maandazi aliye chini ya upenu wako, nao wape ndaga fijo, yaani asante sana, maana siku ile walinishika mkono.

Nabaki kuwa mwananchi mtiifu anayesubiri ruhusa,

Odilia Mwakibete (Mama Kisa),
Muuguzi, Kliniki ya Mama na Mtoto.

Nakala: Mwenyekiti wa Ukoo.
Nakala: Tuntufye Mwakibete, Msimamizi, Bujonde (apate aibu).
Nakala: Kompyuta (imebandikwa kwenye mfuniko).

Nyongeza, Jumamosi jioni:

Mheshimiwa, bahasha ilikuwa imeshafungwa. Nimeifungua tena kwa mvuke wa birika, kwa hiyo usishangae ikikufikia imekunjamana.

Shemeji amekuja. Amekuja kwa bodaboda, na pale palipojaa maji alishuka akatembea, akiwa amevaa lile koti lake la siku ya mahakamani, suruali imekunjwa mpaka magotini, na hati ameizungushia nailoni mara mbili. Chai alikataa. Alikaa mbele ya kompyuta, akaisalimia, akaitoa hati akaishikilia kwa mikono miwili mbele ya kile kijicho cha kamera kilicho juu. Tulisubiri. Kompyuta haikusoma.

Ndipo Kisa, ambaye safari hii sikuwa na nguvu ya kumkataza, alipomwonyesha pale panapoandikwa Msimamizi, akamwambia, "Baba mdogo, andika hapa." Shemeji aliandika jina lake kamili kama lilivyo kwenye hati, kwa kidole kimoja, akabonyeza. Kompyuta ikasema nywila si sahihi. Chini yake ukatokea mstari mdogo ambao hatukuwahi kuuona, kwa sababu hakuna aliyewahi kukosea kabla yake. Kisa anasema mwenye kompyuta huuandika mwenyewe siku anapoweka nywila, ili imsaidie yeye au atakayekuja baada yake. Umeandikwa hivi: "Kidokezo: Muulize mama Kisa."

Shemeji aliusoma kwa sauti, akaurudia. Kisha akasimama, akanigeukia, akanisalimia upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. Akasema, "Shemeji, nimeagizwa nikuulize wewe."

Nilikuwa nalijua bila kujua kuwa ndilo, Mheshimiwa. Liko neno ambalo mume wangu aliniita tukiwa wawili tu. Sitaliandika hapa, kwa kuwa nywila haiandikwi kwenye barua, na kwa kuwa ni langu. Niliwaomba wote wawili watazame ukutani. Nikaliandika. Kompyuta ikafunguka, ikanikaribisha.

Kwa hiyo naomba malalamiko yote saba yafutwe. Kama karani ameshayasajili na hawezi kuchafua daftari, basi mlalamikiwa nisomeke mimi, kwa kosa la kumkataza kila mtu asikosee.

Hivi ninavyoandika Kisa ameshanakili sauti zote za baba yake kwenye flashi mpya, tuliyoitoa wenyewe kwenye karatasi ya dukani. Sijaruhusu ichezwe hata moja mbele za watu. Sasa ndiyo amebonyeza pa kusakinishia, kioo kimefifia, na kompyuta inauliza kama tunairuhusu programu hii kufanya mabadiliko. Safari hii haitaki nywila. Inataka Ndiyo au Hapana, na wote wawili wananitazama mimi. Nimemwambia shemeji abonyeze yeye Ndiyo, maana ndiye aliyevaa koti.